Atieno Hasemi: Kulisoma Shairi la Utoto Uliopotea

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili shairi hukungoja na alama zake 20, na mara nyingi moja kati ya maswali yake huwa hili: ni nani anayezungumza? Sisi walimu tumempa mzungumzaji huyo jina, nafsineni, nanyi mmelikariri jina hilo hadi limekosa ladha. Mtahiniwa huandika "nafsineni ni mshairi", akapiga mstari chini yake, akasonga mbele. Nataka nikueleze jinsi swali hilo dogo lilivyonifungulia shairi ninalolipenda kuliko mengine yote niliyoyasoma nikiwa shuleni. Shairi lenyewe halikuandikwa kwa Kiswahili, lakini hilo lisikutishe. Vifaa unavyotumia katika ushairi wa Kiswahili vinalifungua vilevile.

Ni shairi la Marjorie Oludhe Macgoye liitwalo "A Freedom Song". Wakenya wengi hawalijui kwa anwani hiyo. Wanalijua kwa jina la mtoto aliyemo, Atieno. Macgoye alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaja Kenya mwaka 1954 kama mmishenari muuza vitabu, akaolewa katika jamii ya Waluo, akachukua uraia wa Kenya baada ya uhuru na kuishi hapa mpaka alipofariki Desemba 2015. Ndiye pia aliyeandika Coming to Birth, riwaya ya mwaka 1986 ambayo dada na kaka zenu wakubwa waliisoma kama kitabu teule cha Kiingereza. Nayataja haya kwa sababu sauti utakayoisikia katika shairi hili ni ya sebuleni mwa nyumba ya mjini hapa Kenya, sauti ya mtu ambaye huenda umekula naye chakula cha mchana Jumapili iliyopita.

Kisa ni kifupi. Atieno ana umri wa miaka minane. Anaishi kwa mjomba wake. Anaosha vyombo, ananyonyoa kuku, anaamka mapema, na usiku analala jikoni juu ya magunia. Halipwi, kwa kuwa ni mtoto wa dada. Kwa sababu yeye yupo, mke wa mjomba anapata nafasi ya kukaa na kushona, na mapato ya ushonaji huo ndiyo yanayosemekana kumlisha Atieno. Watoto wa nyumba wanasomeshwa. Mjomba analipa ada ya chama na ya muungano wa wafanyakazi. Mke anaenda masomoni. Wageni wanakuja. Halafu Atieno anakaribia miaka 14, anapata mtoto, anavuja damu baada ya kujifungua, anafariki. Kwenye mazishi yake kunaliwa nyama na sukari kupita yote aliyoonja maishani mwake.

Sasa hesabu. Kutoka mwanzo hadi mwisho imepita miaka sita hivi, na shairi lote unalimaliza kwa dakika mbili. Atieno alikua lini? Hakuna ubeti unaosema kwamba amerefuka, au meno yake ya utoto yamekwisha kung'oka, au siku fulani alicheka hadi akashika mbavu. Anakua katika ile nafasi tupu kati ya ubeti mmoja na mwingine, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akimtazama. Ukubwa wake unatambuliwa pale tu unapoanza kuwasumbua wakubwa: anachelewa sokoni, anatamani magauni na viatu na shanga za watoto anaowalea. Msichana yeyote wa umri huo hutamani vitu hivyo. Kwa Atieno vinahesabiwa kuwa wivu na ujanja. Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu muundo wa shairi kama hili, usihesabu beti na mishororo ukaridhika. Jiulize ni nini kilichopita wakati shairi lilipokuwa limenyamaza.

Na jina lile linalorudiwa kila mara kama kiitikio? Waluo humwita Atieno msichana aliyezaliwa usiku. Mjomba naye anatuambia kwamba huwa kazini usiku, na kwamba nyakati hizo wageni wanahitaji kuhudumiwa zaidi. Pasome hapo mara mbili. Baba wa mtoto wa Atieno hatajwi popote katika shairi. Mtahini akikuuliza ni nani, usimtungie jina wala kisa. Eleza kilichodokezwa, taja maneno yanayodokeza, ukomee hapo. Mshairi alinyamaza kwa makusudi, na wewe una haki ya kuonyesha kwamba umeisikia kimya yake.

Turudi kwa nafsineni. Anayezungumza ni mjomba, na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha iliyoandika shairi. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa mama na kaka wa baba; msomaji hutambua uhusiano huo kwa kuambiwa kwamba Atieno ni mtoto wa dada. Sisi tuna mjomba, tuna mpwa. Mjomba ni yule ambaye mama akizidiwa, mtoto hupelekwa kwake. Kwake hubishi hodi, unaingia. Ukishasema "nafsineni ni mjomba, nafsinenewa ni watu wanaosikiliza anavyojitetea", umeshashika nusu ya shairi.

Wanafunzi wengi huandika kwamba toni ni ya huzuni. Si kweli. Huzuni ni yako wewe unayesoma. Mjomba hana huzuni hata kidogo mpaka karibu na mwisho, na hata hapo sina hakika kama anahuzunika au anajivunia karamu. Toni yake ni ya kujitetea na ya manung'uniko: kwani simtunzi? kwani sisomeshi wanangu? kwani sichangii maendeleo? Hapigi kelele, hatukani. Kila anachofanya amekiwekea sababu, na kila sababu ukiichukua peke yake inaelekea kuwa ya haki. Ndiyo maana shairi linauma.

Hili la sababu nililifahamu mapema kwa kuwa nimekulia Kilimani, upande wa nyuma. Siku hizi ukitaja Kilimani watu huona maghorofa, korongo za ujenzi na msongamano wa magari kwenye Barabara ya Ngong. Nilipokuwa mdogo palikuwa na nyumba za vigae katikati ya bustani pana, na nyuma ya kila nyumba palikuwa na kwota, vyumba viwili vitatu vya wafanyakazi. Baba alikuwa mpishi katika mojawapo ya nyumba hizo, si mbali na Barabara ya Argwings Kodhek, nasi tuliishi kwota. Ifikapo Oktoba mijakaranda iliangusha maua ya zambarau mpaka njia ikawa inateleza. (Maua hayo hayo ndiyo yanayowakumbusha kwamba mtihani umefika, kila mwaka nawaona watahiniwa wakiyakanyaga na daftari za marudio mikononi.)

Kati yetu na ploti ya jirani palikuwa na ua wa kayaba, wenye miiba mirefu na matunda ya manjano makali kama ndimu. Upande wa pili alikuwapo msichana wa rika langu, miaka tisa au kumi. Hakuwa mtoto wa mpishi wala wa mtunza bustani. Alikuwa ametolewa mashambani akaletwa kwa jamaa zake waliokaa katika nyumba kubwa. Saa zote alikuwa na mtoto mgongoni.

Sisi wa kwota tulicheza kalongo. Makopo ya Kimbo yalikuwa sufuria, udongo ulikuwa ugali, majani ya mjakaranda yalikuwa sukumawiki. Tukimwita, alichungulia kwenye tundu la ua, akacheka. Aliniambia ugali wangu una mabonge, na kwamba mtoto mchanga hashikwi vile, atavunjika shingo. Mchezo wenyewe hakuutaka kabisa. Alitaka kati, alitaka kuruka kamba, na kamba aliiruka na mtoto mgongoni, mkono mmoja ukiwa nyuma kumshikilia, mtoto amelala fofofo. Kwetu sisi alikuwa bingwa. Hakuna mwingine aliyeweza.

Likizo moja hakuonekana. Nilimwuliza mama. "Amerudi kwao," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya wiki chache msichana mwingine alitokea kwenye tundu lile lile, mdogo kuliko yule wa kwanza, mtoto yule yule mgongoni. Alikuwa amevaa gauni la mwenzake, lile la maua ya manjano. Lilimfika vifundoni.

Nilikuwa kidato cha pili niliposikia shairi la Atieno kwa mara ya kwanza, likighaniwa na kundi la wanafunzi jukwaani. Walipofika pale mjomba anaposema kwamba pengo la Atieno litazibwa upesi, mbele yangu niliona gauni. Watu ukumbini walikuwa wanapiga makofi, maana kundi lilikuwa hodari kwelikweli, na mimi nilikuwa nimelikasirikia neno moja tu, "kwao". Kwao ni wapi? Anayeishi katika nyumba miaka mitatu, akalea mtoto wa nyumba hiyo mpaka mtoto akajifunza kutembea, kwao ni wapi? Simlaumu mama, alisema kile ambacho kila mtu mzima wa mtaa ule angesema. Ni neno linalofunga mlango polepole ili usisikike. Nililisoma shairi upya nikitafuta maneno mengine ya aina hiyo, nikayakuta: mtoto wa dada, maendeleo, mfano mbaya kwa watoto. Tangu siku hiyo husoma kila shairi la masimulizi hivyo, nikitafuta neno ambalo mzungumzaji ameliweka ili nisiulize zaidi. Jaribu na wewe. Linafaa hata katika mashairi yenye vina na mizani kamili, ambayo husifiwa kwa urari wake mpaka watu husahau kuyauliza maswali.

Mwaka jana nililieleza shairi hili darasani kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti. Mvulana mmoja akasema mjomba ni katili. Nikamwomba anionyeshe mahali anapompiga Atieno, au anapomnyima chakula. Akatafuta, akatafuta. Msichana aliyeketi nyuma, ambaye si msemaji, akainua mkono: "Mwalimu, lakini hata kwetu tunasema hivyo. Tunasema ni kama mtoto wetu." Darasa likatulia. Wengi wao wanaishi katika fleti za mtaa huu huu, na ukitazama ramani ya fleti hizo utakuta chumba kidogo kando ya jikoni ambacho kila mtu anajua ni cha nani. Tena huu ni mtaa ambao jengo lake mashuhuri la maduka linaitwa Yaya. Sikutaka kulikejeli jibu la yule msichana, kwa sababu lilikuwa jibu bora la siku hiyo. Alikuwa amekisikia kile kiungo kidogo, "kama". Wanafunzi wenzake walianza kuorodhesha: kama mtoto wetu lakini hali mezani, kama mtoto wetu lakini hana sare ya shule, kama mtoto wetu lakini hatujui siku yake ya kuzaliwa. Nikawaambia waandike yote hayo chini ya kichwa "kinaya".

Kinaya katika shairi hili kina tabaka mbili. La kwanza ni la mazishi, na hilo kila mtu huliona: aliyekula kwa kipimo anapofariki watu wanakula bila kipimo. Liandike, utapata alama. La pili limo katika anwani, nalo wengi hulipita. Huu ni wimbo wa uhuru. Mjomba ni mtu wa kizazi kilichofurahia uhuru, ana chama, ana muungano wa wafanyakazi, mkewe anasonga mbele kielimu, wanawe wako shuleni. Yote hayo ni mema. Na yanatajwa na mjomba mwenyewe pamoja na jambo moja dogo, kwamba mke alipoenda masomoni, Atieno alizidi kukosa nafasi. Uhuru wa nyumba nzima ulikalia mgongo wa mtoto mmoja. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema shairi hili ni la "ajira ya watoto" na basi. Mjomba angekataa katakata kwamba amemwajiri mtu. Angeweza hata kuisoma Sheria ya Ajira ya 2007, inayokataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, akaikunja akaiweka mezani bila wasiwasi, maana kwake Atieno ni jamaa. Dhuluma imepita katika mlango wa undugu, na sheria huukuta mlango huo umefungwa kwa ndani.

Linganisha sasa na Siku Njema ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili naye anapoteza mapema kile ambacho mtoto hapaswi kupoteza: anafiwa na mama yake kule Tanga, kisha anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba. Mateso yake si haba. Lakini anayasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na hata anapokuwa hana pa kulala, sentensi ni zake. Tunamwona akikua kwa sababu anatuambia alivyokuwa akifikiri jana na anavyofikiri leo. Atieno angekuwa na ukurasa mmoja tu wa namna hiyo, tungejua kama aliogopa, kama aliimba akiosha vyombo, kama alimpenda yule mtoto wa mwisho wa mjomba. Ukitaka mfano wa tatu, mfikirie Sauna katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ni rahisi kumchukia mtumishi anayewaiba Dick na Mwaliko, na alichokifanya hakitetewi. Hata hivyo mwandishi ametupa pia utoto wake, baba wa kambo aliyemdhulumu na mama aliyemtaka anyamaze. Naamini ndiyo sababu Sauna hubaki akilini kuliko waovu wengine wa riwaya ile.

Kuna zoezi moja la mtihani ambalo hulalamikiwa sana, la kuandika ubeti kwa lugha ya nathari. Wanafunzi huliona kama kazi ya kunakili. Kwa shairi la Atieno ndilo zoezi kali kuliko yote. Chukua ubeti wa mjomba, uondoe nafsi ya kwanza, uweke ya tatu, upange maneno kwa utaratibu wa kawaida. Utaishia na sentensi kama hii: "Mtu huyu hamlipi mtoto wa dada yake kwa kuwa ni mtoto wa dada yake, na kazi ya mtoto huyo humpa mkewe nafasi ya kuchuma pesa ambazo kwazo anadai kumlisha mtoto huyo." Sikuongeza neno la lawama. Ukiyatoa tu maelezo kinywani mwa mwenyewe na kuyaandika wazi, duara linaonekana: Atieno anajilisha mwenyewe, kisha anaambiwa ashukuru.

Kwa upande wa toni, jibu la alama mbili linaweza kuwa hivi: "Toni ni ya kujitetea. Nafsineni anauliza maswali ya balagha kuonyesha kwamba anamtunza Atieno, anasomesha wanawe na analipa ada zake." Fupi, lina hoja, lina ushahidi. Usiandike aya nzima kuhusu hali ya watoto duniani. Mtahini anataka shairi.

Mwisho, kazi ya nyumbani. Mjomba analalamika kwamba Atieno anakaa mno sokoni. Katika shairi zima hapo ndipo mahali pekee anapokuwa mbali na macho ya nyumba ile. Mwandikie ubeti mmoja, mishororo minne, mizani minane kwa minane ukiweza, au huru ukishindwa, akiwa nafsineni ni yeye. Yuko Toi, au Kawangware, au soko la kwenu. Ana kikapu, ana pesa alizohesabiwa, na jua bado halijashuka. Usimtie kilio kinywani kwa kuwa unajua yatakayompata. Yeye bado hayajui. Wanafunzi wangu walipofanya zoezi hili, mmoja alimweka amesimama kando ya wauza mitumba, anajipimia gauni kwa kulibana kifuani na kidevu, huku muuzaji akimwambia zambarau inampendeza. Nilimpa alama zote nne, ingawa mshororo wa tatu ulipungukiwa na mizani moja.